Amri ya mahakama kuhusu leseni iwe na tarehe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu namna mahakama zinavyowashughulikia maofisa wa serikali wanaokalia maombi ya leseni ya wananchi bila kuyakubali wala kuyakataa.

Aliyenyimwa leseni ana afadhali. Mkononi ana barua yenye sababu, na kwa barua hiyo anaweza kukata rufaa ngazi ya juu na, asiporidhika, kwenda mahakamani. Aliyenyamaziwa hana cha kukatia rufaa. Ada amelipa, stakabadhi anayo, mkaguzi amekwishafika na kuondoka, lakini kila akiulizia dirishani huambiwa kwamba faili liko mezani kwa mkubwa. Akifungua shauri, wakili wa serikali anaweza kusimama na kudai kwamba, kwa kuwa hakuna uamuzi uliotolewa, hakuna kitu cha kufanyiwa mapitio, yaani mahakama kuchunguza kama ofisi ilifuata sheria.

Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa zamani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1946 kuhusu taratibu za utawala inaipa mahakama mamlaka ya kulazimisha hatua iliyozuiliwa kinyume cha sheria au kucheleweshwa kupita kiasi. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2000 inaruhusu kushindwa kutoa uamuzi kupelekwe mahakamani kama uamuzi wenyewe unavyopelekwa, hata pale ambapo hakuna muda uliowekwa, mradi ucheleweshaji hauna sababu ya maana. Nchini Kenya, Ibara ya 47 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na utawala bila kucheleweshwa, na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kuitekeleza inautaja ucheleweshaji usio na sababu kuwa msingi wa kuomba mapitio.

Ni kweli kwamba jaji hawezi kumwandikia mwombaji leseni. Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza mwaka 2004 kwamba ofisi inaweza kulazimishwa kutenda, lakini pale sheria ilipoiachia hiari, haiwezi kuamriwa itende nini hasa. Naafiki, kwa sababu jaji si mhandisi wala mfamasia. Kwa sababu hiyo hiyo nasita kuwaunga mkono wanaotaka kimya cha ofisa kihesabiwe kuwa idhini, utaratibu ambao Ufaransa iliufanya kanuni kwa sheria ya mwaka 2013, kimya kikishafika miezi miwili, ingawa kwa misamaha mingi. Kwa leseni ya kinyozi sioni ubaya. Kwa leseni ya kuuza dawa au kuhifadhi baruti, uzembe wa ofisa mmoja usigeuke hatari kwa watu wengine.

Tatizo langu liko kwenye amri zenyewe. Jaji akimwagiza ofisa aamue “ndani ya muda unaofaa”, anamrudishia maneno yale yale ambayo ofisa huyo alikwisha kuyapuuza. Amri inapaswa kutaja tarehe, na itaje cheo cha anayewajibika kuitekeleza, maana pasipo tarehe ni vigumu mno kumtia mtu hatiani kwa kudharau mahakama.

Kuna na ujanja mwingine. Ofisa aliyenyamaza kwa miezi mingi hutoa jibu siku chache kabla ya shauri kusikilizwa, kisha wakili wake akaomba shauri liondolewe kwa kuwa halina tena cha kuamuliwa. Mara nyingine jibu lenyewe ni barua ya kudai nyaraka moja zaidi, ambayo haikuwamo kwenye fomu. Katika hali ya kwanza shauri laweza kufungwa, lakini gharama zote zilipwe na ofisi iliyosubiri kuburutwa mahakamani ndipo ifanye kazi yake. Katika hali ya pili shauri lisifungwe kabisa.

Mwombaji naye ana sehemu yake. Katika mashauri ya aina hii mahakama huuliza kwanza iwapo ofisa alidaiwa kutimiza wajibu wake na akashindwa, na sheria nyingi humtaka mlalamikaji amalize kwanza njia za rufaa zilizomo ndani ya ofisi yenyewe. Maulizo ya mdomo pale dirishani ni vigumu kuyathibitisha. Aandike barua ya kukumbushia, aipeleke masjala, na aondoke na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Wako,
Msomaji