Mhariri, zile pointi 69 zingine mlipeleka wapi?

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kondele. Mimi ni msomaji wenu wa kitambo, gazeti nalisoma kwa kinyozi asubuhi kabla watu wajae, na naanzia nyuma kwa michezo kama wengi wa huku. Juzi kwa kale kasehemu kenu ka kumbukumbu mkaandika ati Wilt Chamberlain, yule mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, alifunga pointi 100 kwa mechi moja tarehe 2 Machi 1962, nukta. Mstari mmoja na nusu! Kinyozi akaniuliza, omera, kwani huyu alikuwa anacheza na watoto, na hao wenzake walikuja kumpigia makofi ama? Nikashindwa kumjibu haraka na wembe uko shingoni, lakini jibu lipo, liko kwa karatasi ya mechi.

Philadelphia Warriors walishinda New York Knicks 169 kwa 147. Toa mia ya Wilt, zinabaki 69. Al Attles alifunga 17, Tom Meschery na Paul Arizin 16 kila mmoja, Guy Rodgers 11, York Larese 9, jumlisha mwenyewe. Sasa huyu Attles ndiye ananimaliza mimi. Alirusha mara nane zikaingia zote nane, akapata fri throo moja, ile rusha ya bure ya pointi moja baada ya faulo, akaweka, yaani usiku mzima hakukosa hata mpira mmoja, na hakuna mtu anamtaja kwa sababu aliamua kuwa moto siku ambayo jirani yake nyumba nzima inawaka. Na Rodgers alitoa asisti 20, yaani pasi zilizozaa vikapu. Ishirini, mhariri! Hizo ni pasi ambazo mtu angeweza kuwa mchoyo akajirushia mwenyewe, lakini akampa jamaa.

Na Knicks hawakuwa watoto, mwambieni kinyozi wangu. Richie Guerin alifunga 39, Cleveland Buckner 33, Willie Naulls 31, watatu wamepita thelathini na bado wamelala. Aliyeanza na kazi ya kumkaba Wilt, Darrall Imhoff, alicheza dakika 20 tu akamaliza faulo zake sita akaenda kukaa. Pole yake.

Sasa ya Wilt mwenyewe. Alirusha 63 zikaingia 36, hiyo ni 72, halafu fri throo 28 kati ya 32, ndio mia hiyo. Kama hujui huyu mtu utapita hapo haraka, lakini hapo kwa fri throo ndipo kuna maajabu, kwa sababu Wilt alikuwa mbovu wa fri throo, msimu huo alikuwa anaweka kama 61 kwa kila mia, na alikuwa anazirusha kwa mikono miwili kutoka chini kati ya magoti kama mama anamwaga maji ya kuosha vyombo. Usiku huo akakosa nne tu. Angekosa kama kawaida yake angepata 92 hivi na leo hamngemwandika hata huo mstari mmoja na nusu. Ribaundi, ile mipira unadaka mtu akikosa, zilikuwa 25, lakini kwake hiyo ilikuwa siku ya kawaida.

Kota kwa kota, yaani vile vipindi vinne vya mechi, Wilt alifunga 23, 18, 28, halafu 31. Hiyo ya mwisho ilikuwa vituko: Knicks wanashikilia mpira makusudi usifike kwake na wanawafaulu wenzake, Warriors nao wanawafaulu Knicks ndio mpira urudi. Mimi kusema ukweli hapo naona haikuwa tena mechi, ilikuwa harambee. Lakini sikatai mia ni mia.

Na kitu mlichoacha kabisa ni hiki, hiyo mechi haina video. Hakuna kamera ya TV ilifika. Ilichezewa Hershey, kule wanatengeneza chokoleti, mbele ya watu 4,124, na kilichobaki ni kanda ya redio ya kota ya nne, picha chache, na karatasi. Hata ile picha maarufu ya Wilt ameshika karatasi imeandikwa 100, aliyeandika ni Harvey Pollack, mtu wa takwimu wa Warriors. Bila watu kama huyo leo tungekuwa tunabishana tu. Na hata yeye blok hakuhesabu, kwa sababu ligi ilianza kuzihesabu rasmi msimu wa 1973-74, kwa hivyo Wilt alizuia mipira mingapi usiku huo hautawahi kujua hata ukilia.

Sasa niwaambie kilichoniuma mpaka nikaandika. Sisi huku Jumamosi kuna mechi kwa uwanja wa simiti, mimi ndiye hukaa mezani na daftari na biro, na mwaka juzi kijana mmoja wa Manyatta alicheza mechi ambayo sijaona tena. Nilijaza kila kitu, hata mipira aliyopoteza. Ikanyesha, nikaacha daftari kwa kibanda cha mama fulani, kurudi Jumatatu nakuta kurasa zimekatwa zinafungia mandazi. Niliona kota ya tatu ya kijana inaenda na mteja, imelowa mafuta! Leo uliza watu, huyu anasema alifunga thelathini na kitu, yule anasema hamsini, na mimi nilikuwa mezani na siwezi kuapa.

Ripota wenu akija huku anaandika tu fulani kashinda fulani 61 kwa 58 na kupanda matatu. Akikuja aniulize, nitampa karatasi nzima, nani alifunga ngapi, nani alitoa asisti, nani alikosa. Mwekeeni hata kanafasi kadogo chini ya matokeo ya Ligi ya Uingereza, hayo tushayaona kwa simu tangu usiku.

Jumamosi tunaanza saa tisa. Daftari jipya nimeshanunua, na nimelifunika na nailoni.

Mwandika skoa,
Kondele, Kisumu