Barua kwa mwanangu: Walete Sungura maji yakijaa

Gede, Septemba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako zimenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba skauti wenzako wa Jasiri, ninyi vijana wakubwa, wamekukabidhi Sungura wote, wale skauti wadogo kabisa, uwalete hapa kwenye hori la bahari la Mida kutazama ndege katika Siku ya Ndege Wahamao Duniani, Jumamosi ya pili ya Oktoba. Umeniuliza uweke ndege wangapi katika orodha ya kuwafundisha. Mimi ningekushauri uiache orodha hiyo nyumbani, kwa kuwa mtoto wa miaka minane akisomewa majina ishirini huchoka tu, ilhali akimtazama ndege mmoja kwa robo saa hamsahau.

Kabla ya kupanga lolote, tazama mwezi na uhesabu maji. Mwaka jana sisi tuliopanga shughuli hatukufanya hivyo. Tuliwafikisha watoto kwenye hori saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, nayo yakiwa yamekupwa hadi mbali, na ndege wote wakaonekana kama vitone upande wa pili wa matope. Watoto wakaanza kurushiana tope, nami sikuwalaumu. Ilipofika saa nane na kitu maji yakawa yanarudi taratibu, yakiwasukuma ndege kuelekea kwenye mikoko tuliposimama, lakini nusu ya watoto walikuwa wameshapanda basi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Waliobaki walimwona yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye riziki yake ni kaa. Alimchomoa kaa topeni, akamtikisa, akamdonoa mpaka akatulia, na nyuma yake akaja kinda wake, mwenye kimo karibu sawa na chake ila rangi yake ya kijivu, akilialia mpaka akapewa. Msichana mmoja, ambaye skafu yake ilikuwa imelowa tope, aliniuliza kwa kunong'ona, "Mbona mkubwa hivyo na bado analishwa?" Nikamweleza kwamba ndege hawa huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Uarabuni, Oman ikiwemo, ambako huchimba mashimo mchangani na kutaga yai moja tu, na kwamba mzazi huendelea kumlisha mwanawe hata baada ya kuvuka bahari pamoja naye. Alinyamaza, akarudisha jicho kwenye darubini.

Kuhusu darubini, wafundishe siku moja kabla, kwa kutumia mnazi ulio mbali. Mtoto aukazie macho mnazi, kisha ainue darubini bila kushusha macho, maana wengi huinamia darubini kwanza na wakiinua kichwa wameshampoteza ndege. Darubini moja kwa watoto watatu inatosha. Anayengoja zamu awaeleze wenzake anachokiona kwa macho matupu. Sululu, kwa mdomo wake mrefu uliopinda, hahitaji darubini.

Filimbi yako ibaki mfukoni. Miongoni mwa vitwitwi wadogo watakaowaona wamo waliotoka Siberia, na hapa Mida wanajilisha ili wapate mafuta ya kurudia kaskazini ifikapo Aprili, hivyo kila wanaporushwa angani bila sababu hupoteza chakula na nguvu. Waeleze watoto sababu hiyo wazi, kwa sababu amri tupu hawataishika. Mwaka jana kijana mmoja alikuja na manati. Sikumnyang'anya wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Nilimpa kazi ya kulinda darubini kubwa ya miguu mitatu na kuishusha kila mtoto mfupi alipofika, akaifanya kwa makini hadi jioni.

Niandikie mko wangapi na basi litafika saa ngapi, ili nijue mihogo ya kuchemsha na nimwombe mjomba wako aniangalizie maji ya siku hiyo. Kila mtoto aje na kofia na viatu vya kuingia topeni.

Mimi mamako