Barua ya wazi kwa vijana wa uhandisi: hesabuni sekunde za mtu

Wanangu mnaosomea uhandisi na ufundi mitambo,

Salaam. Nawaandikia juu ya vali moja. Ajali ya Challenger, chombo cha anga cha Marekani, mnaifahamu, picha zake zimezunguka dunia nzima. Ya Soyuz 11, chombo cha anga cha Wasovieti, haina picha ya moto wala moshi, na pengine ndiyo maana husikii ikitajwa sana darasani. Kwa mtu wa kuchora mitambo, naona hii ndiyo ya kuanza nayo.

Wanaanga Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walirushwa kutoka Baikonur tarehe 6 Juni 1971, wakaishi kwenye kituo cha anga cha Salyut 1 kwa wiki tatu na ushei. Walipojiandaa kurudi, taa ya kuonya kwamba mlango wa ndani haujafunga ilikataa kuzimika. Wakaufungua, wakaufunga upya, wakahangaika nao mpaka taa ikazimika. Mlango ule haukuwa na hitilafu. Hewa ilikuja kutokea mahali pengine kabisa.

Soyuz ina sehemu tatu, na watu hurudi ardhini ndani ya ile ya kati tu. Sehemu hizo huachanishwa kwa bolti za baruti. Bolti zilipaswa kulipuka kwa zamu. Siku ile, tarehe 30 Juni, zililipuka kwa mpigo mmoja. Mtikisiko ukafungua vali ya kusawazisha hewa, ambayo kazi yake ni kufunguka chombo kikiwa kilomita chache tu kutoka ardhini ili wanaanga wavute hewa ya nje. Wao walikuwa kilomita 168 juu.

Sasa tazameni mahali ilipowekwa: chini ya viti. Kulikuwa na namna ya kuifunga kwa mkono, lakini kazi hiyo ilihitaji karibu dakika nzima. Vipimo vilivyokuwa mwilini mwa mmoja wao vilionyesha moyo umesimama ndani ya sekunde 40 hivi tangu hewa ianze kutoka, na fahamu hupotea mapema zaidi ya hapo. Mkao wa Patsayev ulionyesha kuwa alikuwa akijaribu kuifunga. Chombo chenyewe kiliendelea na kazi bila wao: parashuti ikafunguka, kikatua Kazakhstan kama kilivyopangwa. Waokoaji walibisha ukutani, kimya. Walipofungua wakawakuta vitini, na Dobrovolsky bado ana joto mwilini. Wakajaribu kuwarudishia pumzi, haikusaidia.

Kwenye karatasi ya mchoraji, kinga ilikuwepo. Hesabu ya sekunde ndiyo haikuwepo. Kwa hiyo mnapoweka kifaa cha dharura, iwe kwenye boila, kwenye tangi la gesi au kwenye lifti, msiishie kuandika “hufungwa kwa mkono”. Mketisheni mtu kitini, mfungeni mkanda, mvisheni glovu, zimeni taa, kisha shikeni saa. Pimeni muda wa kutambua kuna tatizo, muda wa kujua liko wapi, muda wa kufika, ndipo muda wa kuzungusha. Jumla ikizidi muda ambao mwili unaweza kustahimili, futeni mchoro.

Mtauliza mavazi ya kuhimili upungufu wa hewa yalikuwa wapi. Hawakuwa nayo. Tangu Voskhod 1 ya Oktoba 1964, Wasovieti walipowabana watatu kwenye chombo kilichotokana na kile cha mtu mmoja, mavazi hayo yaliachwa kwa kukosa nafasi, isipokuwa kwenye Voskhod 2. Wengine wote wakapanda na kushuka bila mavazi hayo miaka karibu 7 na hewa haikuvuja, na kila aliyerudi salama akawa ushahidi kwamba hayahitajiki. Ushahidi wa namna hiyo, wanangu, kaeni nao mbali.

Baada ya msiba, hakuna aliyekwenda Salyut 1 tena. Soyuz 12 iliruka Septemba 1973 ikiwa na watu wawili tu, kila mmoja ndani ya vazi la namna hiyo liitwalo Sokol. Nafasi ya wa tatu ilichukuliwa na mitungi na mitambo ya kuhudumia mavazi. Soyuz ilirudi kubeba watu watatu mwaka 1980. Sokol inavaliwa kwenye Soyuz hadi leo.

Marekani nao waliona hayo yote, kisha wakayaacha mavazi ya aina hiyo kwenye shuttle, vyombo vyao vya kwenda na kurudi angani, tangu mwishoni mwa 1982 hadi Challenger ilipowaua watu 7 Januari 1986. Yakarudishwa 1988. Shuttle nyingine, Columbia, ilipovunjika mwaka 2003, uchunguzi ulikuta watatu kati ya saba hawajavaa glovu na mmoja hajavaa kofia. Vazi kamili lisingewaokoa siku ile, chombo kilisambaratika. Lakini glovu zile zilikuwa nzito kwa kazi za vidole, na ratiba ya kushuka ilijaa shughuli. Basi mkibuni kinga ya kuvaliwa, jaribuni kwanza kubonyeza vitufe vyote mkiwa mmeivaa, na dakika za kuivaa ziandikwe kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote.

Mzee wenu