Msituambie "ndivyo walivyo"

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Mimi ni mama wa binti wa miaka 9 mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha mtoto kukua na kujifunza, na kauli iliyonichosha kuliko zote wala siyo matusi, ni hii ya "ndivyo walivyo". Mtoto akilala sana ndivyo walivyo, akichelewa kuongea ndivyo walivyo, akikoroma usiku mpaka pumzi inakata utaambiwa mama zoea tu, ndivyo walivyo.

Wangu alipofika miaka 4 alianza kupoa. Alikuwa mchangamfu kweli, mara akawa mtu wa kulala tu, choo kigumu, ngozi imekauka, uzito unaongezeka na chakula chenyewe hali. Nimezunguka naye miezi 7 jibu ni lile lile, mpaka dokta mmoja kijana akauliza huyu amewahi kupimwa thairoidi, ile tezi ya shingoni? Hajawahi. Wakatoa damu, kumbe tezi imelala haitoi homoni ya kutosha. Akaanzishiwa kidonge cha kila asubuhi na baada ya wiki kadhaa nikamwona mwanangu amerudi, anacheza, anasumbua. Nililia sana siku hiyo, nilikuwa naiwaza ile miezi 7.

Ndo maana nawaandikia wazazi wenzangu. Karibu nusu ya watoto hawa wanazaliwa na tatizo la moyo, kwa hiyo eko ya moyo, yaani ultrasound ya moyo, ifanyike mapema hata kama daktari akisikiliza kifua hasikii kitu, maana kuna matundu makubwa ambayo siku za mwanzo hayatoi sauti kabisa na yakichelewa presha ya mapafu inapanda mpaka upasuaji unashindikana. Halafu masikio, jamani masikio! Wengi hawasikii vizuri, njia za sikio ni nyembamba na majimaji yanajaa nyuma ya ngoma, sasa mtoto asiyesikia ataongeaje? Macho nayo yanataka kupimwa, wengine utumbo umeziba tangu tumboni, saratani ya damu inawapata zaidi kuliko watoto wengine ingawa siyo wengi, na ukubwani ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer unawawahi.

Marekani mwaka 1983 mtu mwenye hali hii kwa wastani aliishi miaka 25 hivi, leo ni karibu 60. Kromosomu zao, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, hazijabadilika, kilichobadilika ni matibabu, hasa upasuaji wa moyo.

Na chanzo chake watu waache kumtafuta mchawi. Mimi nimeulizwa nilikula nini, nilimkosea nani, mpaka vidonge vya uzazi wa mpango vikasingiziwa. Tangu 1959 inajulikana, daktari Lejeune na wenzake kule Ufaransa walionyesha kwamba hawa wana kromosomu 47 badala ya 46, ile ya 21 ziko tatu. Mara nyingi hitilafu inatokea yai linapotengenezwa, kabla hata mimba haijatungwa, hakuna mama anayeweza kuisababisha wala kuizuia. Ni wachache tu, kama 3 au 4 kwa 100, ambao kromosomu hiyo imejishikiza kwenye nyingine, na hapo wazazi nao wapimwe kwa sababu inaweza kurithiwa. Umri unachangia ndiyo, mama wa miaka 40 uwezekano ni kama 1 kwa 100, lakini mimi nilimzaa nikiwa na 26, na watoto wengi wa hivi wanazaliwa na sisi wa chini ya miaka 35 kwa kuwa sisi ndo tunaozaa zaidi. Wala siyo mtindio wa ubongo (cerebral palsy), hayo ni mambo mawili tofauti.

Binti yangu anapimwa thairoidi kila mwaka sasa. Juzi nimeenda kumuombea kipimo cha usingizi kwa sababu ya kule kukoroma, nikajibiwa ndivyo walivyo. Nilikaa pale pale kwenye benchi na mwanangu mpaka wakaandika karatasi.

Mama, msomaji wenu