Kifundo cha mkono kinauma? Usikimbilie raketi nyepesi

Mchezaji wa tenisi anayekuja kwetu, tunaofunga nyuzi na kurekebisha raketi, akilalamikia kifundo cha mkono mara nyingi huwa ameshaamua kabla hajafika: anataka raketi nyepesi. Hoja yake inaeleweka, maana mkono unaouma hautaki mzigo. Hata hivyo raketi nyepesi ndiyo tunayomwomba asiinunue kwanza. Raketi aliyonayo, ikirekebishwa nyuzi na mpini, kwa kawaida inatosha kutuonyesha kama tatizo liko kwenye kifaa au liko kwenye mkono wenyewe.

Mpira hukaa kwenye nyuzi kwa takriban sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde. Ni muda mfupi mno kwa mkono kujihami. Mshtuko wowote ambao nyuzi na fremu hazikuumeza unapita kwenye mpini, unaingia kifundoni na kupanda hadi kwenye kiwiko. Sasa, fremu nyingi za watu wazima zina uzito wa kati ya gramu 250 na 340 hivi. Ile iliyo karibu na 250 ikikutana na mpira wa kasi inayumba na kujipinda zaidi kuliko ile nzito, na kazi ya kuizuia isipinde inaangukia misuli na kano za kifundo. Tena raketi nyepesi humzoesha mtu kuchapa kwa kifundo peke yake, bega na mwili vikiwa vimetulia. Ndiyo maana tunaanza na nyuzi.

Swali letu la kwanza ni moja: nyuzi hizi zilifungwa lini? Wengi hucheka, kisha wanahesabu misimu. Kama ni nyuzi za poliesta, hapo hapo tumeshapata mshukiwa mkuu. Poliesta ilianza kupendwa sana baada ya Mbrazili Gustavo Kuerten kutwaa ubingwa wa Roland Garros, yaani mashindano ya wazi ya Ufaransa, mwaka 1997 akitumia nyuzi za poliesta za kampuni ya Luxilon, na sababu za kupendwa zipo: mchezaji anaweza kupiga kwa nguvu zote, mpira ukazunguka na kushuka ndani ya mstari. Tatizo ni kwamba wachezaji wa ngazi ile hufungiwa nyuzi mpya karibu kila mechi. Mchezaji wa mwisho wa wiki anazitumia zile zile mpaka zikatike, na kwa kuwa poliesta ni ngumu na yeye hapigi kwa nguvu ya kuikata, hazikatiki. Zinakufa zikiwa nzima. Uzi uliokufa umepoteza mnyumbuko, kwa hiyo haumsaidii kuusukuma mpira, naye anaongeza nguvu ili mpira ufike mbali kama zamani. Kila nguvu anayoongeza inamrudia kifundoni.

Dalili ni rahisi kuziona. Baada ya mpigo, nyuzi za wima zinabaki zimehama, na unajikuta ukizinyoosha kwa vidole kila baada ya pointi. Kanuni ya zamani inasema ukicheza mara tatu kwa wiki, badilisha nyuzi mara tatu kwa mwaka. Kwa nailoni inatosha. Kwa poliesta, na hasa kwa mkono unaouma, sisi tunaiona ni ya ukarimu mno.

Mkono ukishaanza kuuma, ushauri wetu ni kuiacha poliesta kabisa kwa kipindi, hata kama wewe ni kijana na unapenda mzunguko. Nailoni iliyotengenezwa kwa nyuzinyuzi nyembamba nyingi zilizounganishwa ni laini zaidi na inameza mshtuko vizuri. Utumbo wa ng'ombe, ambao umetumika tangu enzi za raketi za mbao, ndio laini kuliko zote na unashika mkazo wake kwa muda mrefu. Ila ni ghali, na hautaki kuona mvua. Wapo wanaotaka mchanganyiko, poliesta upande mmoja na uzi laini upande mwingine. Inawezekana, lakini kumbuka kwamba nyuzi za wima ndizo zinazotawala jinsi raketi inavyojisikia mkononi. Anayetafuta nafuu aweke uzi laini wima, poliesta ibaki ya mlalo. Wengi hufungiwa kinyume chake, kwa sababu ndivyo wanavyofanya wanaotafuta mzunguko.

Kuhusu mkazo, kwenye fremu yako kumeandikwa kiwango kinachopendekezwa, kwa mfano pauni 50 hadi 60, yaani kilo 22.7 hadi 27.2 hivi. Mkazo wa juu unaufanya uso wa raketi kuwa mgumu kama ubao. Tunashusha pauni mbili, tunakuacha ucheze, tukihitaji tunashusha mbili nyingine. Poliesta, kwa asiyetaka kuachana nayo, huanzia chini zaidi ya nailoni kwa takriban asilimia 10. Tunakuonya mapema: mkazo ukishuka, mpira unakwenda mbali zaidi, na siku za kwanza utatoa mipira mingi nje ya mstari wa nyuma. Usirudi kutuomba tukaze upya. Punguza nguvu, kwa kuwa kupunguza nguvu ndiko tunakokutafuta.

Kisha mpini. Hapa ndipo penye marekebisho ya bei ndogo kuliko yote, na kwa kweli ndipo tunapopata faida ndogo kuliko popote. Utepe wa mpini uliochakaa unateleza. Mkono ukihisi kuteleza unabana, na mkono unaobana muda wote huwa na kifundo kilichokakamaa mpira unapofika. Badilisha utepe kwanza, hata kabla ya nyuzi kama ukipenda.

Ukubwa wa mpini ni jambo jingine. Saizi ya 2 ina mzingo wa milimita 108 hivi, saizi ya 3 ina 111, na kila saizi inaipita ya nyuma yake kwa takriban milimita 3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini vidole vinaijua. Mpini mwembamba mno unajigeuza kiganjani mpira ukigonga pembeni, kwa hiyo unaubana. Mnene mno unachosha mkono na kukinyima kifundo uhuru wake. Jipime hivi: shika raketi kama unavyoshika unapopiga kwa upande wako wa kawaida, kisha ingiza kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia bila kubanwa wala kuacha nafasi, saizi inakufaa. Kama mpini ni mwembamba, utepe mmoja wa juu unaongeza karibu nusu saizi, na ganda la plastiki linalosinyaa kwa joto linaongeza saizi nzima. Mnene ni shida zaidi: si kila mpini unaweza kupunguzwa, na tutakwambia ukweli tukishaufungua.

Tazama pia mwisho wa mpini unakaa wapi. Wanaoshika chini kabisa huuacha ule ukingo ukandamize nyama ya kiganja upande wa kidole kidogo. Chini yake kuna mfupa mdogo wenye umbo la ndoano, na wachezaji wa tenisi na gofu huweza kuuvunja kwa kugongwa pale pale mara kwa mara. Panda juu sentimita moja.

Mteja wa mkono wa kulia anayeumwa kifundo cha kushoto hutushangaza kidogo tu, kwa kuwa sababu yake mara nyingi ni mpigo wa nyuma wa mikono miwili. Mkono wa juu ndio unaosukuma, nao unashika sehemu ya mpini ambayo watu husahau kuivisha utepe mpya. Juan Martín del Potro, bingwa wa zamani kutoka Argentina aliyepiga kwa mkono wa kulia, alipasuliwa kifundo cha kulia mwaka 2010, na cha kushoto mwaka 2014 na tena 2015. Tunapovisha mpini wa mtu wa mikono miwili, tunauvisha hadi juu.

Uzito tunaugusa mwisho. Utepe wa madini ya risasi wa gramu chache, ukibandikwa kushoto na kulia kwa kichwa cha raketi, unaizuia kujipinda. Lakini tunaweka uzito mwingine chini ya utepe wa mpini pia, kwa sababu kichwa kikizidi uzito peke yake, kifundo ndicho kinacholipa. Na kile kipande kidogo cha raba kinachobanwa baina ya nyuzi? Kinanyamazisha mlio. Mshtuko wa fremu hakiugusi. Tunakiuza kwa wanaochukia mlio, si kama dawa.

Yapo ambayo hatuyagusi. Kifundo kilichovimba, kinachobofya kwa maumivu ukigeuza kitasa cha mlango, kinachouma usiku ukiwa umelala, au vidole vinavyokufa ganzi, kinahitaji daktari. Vivyo hivyo kama maumivu yalianza baada ya kuangukia mkono. Na kama unashika raketi kwa kiganja kilichogeuzwa hadi chini ya mpini ili kuuzungusha mpira, ongea na kocha. Hakuna uzi wa kukunyooshea mkono uliopindishwa hivyo.

Ukileta raketi, tuambie aina ya nyuzi na mkazo wake kama unaujua, zilifungwa lini, mkono upi unauma, upande wa kidole gumba au wa kidole kidogo, na kwa mpigo gani. Tutapima mkazo uliobaki, tutakagua nyufa za fremu na vile vitundu vya plastiki vinavyopitisha nyuzi, kisha tutabadilisha kitu kimoja tu. Cheza nayo kwa wiki mbili hivi, kwa mipira ambayo haijazeeka wala kulowa, halafu urudi utueleze. Tukibadilisha nyuzi, mpini na uzito siku moja, hatutajua kilichokusaidia, nawe ungelipia vyote vitatu.