Malalamiko Kuhusu Faili za Video Zenye Picha Iliyobanwa

Mteja wenu,
Ngamiani,
Tanga.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: FAILI ZA VIDEO ZENYE UWIANO USIO SAHIHI WA UPANA NA KIMO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwakabidhi DVD za familia yetu, za harusi na za maulidi, ili mzinakili ziwe faili za MP4 tutakazozitazama kwenye runinga kwa kutumia flashi na kutumiana kwenye simu. Malipo yote niliyatoa kabla kazi haijaanza, na nakala ya risiti nimeiambatanisha. Faili nilizozipokea zina sauti safi na rangi nzuri, lakini katika nyingi kati ya hizo watu wamekuwa wembamba na warefu kupita kiasi, na madufu ya wapigaji wa maulidi yamesimama kama mayai. Nilisimamisha picha mahali ambapo mpigaji mmoja amelielekeza dufu lake moja kwa moja kwenye kamera, nikaweka rula juu ya kioo: kimo kilikuwa sentimita 20, upana 14.

Kipimo hicho kinaonyesha wazi kosa liko wapi. DVD ya mfumo wa video wa PAL, ambao ndio uliotumika kurekodi video zetu, huhifadhi picha yake kwa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 720 kwa 576, iwe ni picha ya zamani yenye uwiano wa upana kwa kimo wa 4 kwa 3 au picha pana ya 16 kwa 9. Kinachozitofautisha ni maelezo mafupi yaliyoandikwa ndani ya diski, ambayo huiambia deki iitandaze picha kwa upana gani wakati wa kuonyesha. Maelezo hayo yakiachwa nyuma wakati wa kunakili, kifaa huzihesabu pikseli kama miraba kamili na kuonyesha picha ya 5 kwa 4, kwa sababu 720 kwa 576 ni uwiano huo hasa. Picha iliyostahili kuwa 16 kwa 9 hubaki na takribani asilimia 70 tu ya upana wake, na sentimita 14 kwa 20 ni asilimia 70 kamili. Faili za zile DVD zilizotokana na kanda za zamani za VHS, ambazo ni 4 kwa 3, nazo zimepungua upana, ila kwa asilimia 6 hivi, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyeligundua kosa hilo kabla ya kazi kutolewa dukani kwenu.

Nilipowapigia simu, fundi wenu alidai kwamba DVD zenyewe zilirekodiwa vibaya. Hilo si kweli, kwani DVD hizo hizo zikichezwa kwenye deki, katika runinga hiyo hiyo, madufu ni duara na watu wana miili yao ya kawaida. Aidha, nilifungua faili zenu kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, nikabonyeza herufi A kwenye kibodi, ambayo hubadilisha uwiano wa picha hatua kwa hatua, na ilipofika 16:9 kila kitu kilikaa mahali pake. Maana yake picha yote imo ndani ya faili na hakuna kilichokatwa; kinachokosekana ni yale maelezo tu.

Fundi huyo aliendelea kunishauri nibadilishe ukubwa wa picha kwa rimoti kila ninapotazama. Ushauri huo nimeujaribu na sikuridhika nao, kwa kuwa mpangilio unaozinyoosha faili za harusi huwafanya watu wa kwenye kanda za VHS wawe wanene, hivyo mtazamaji analazimika kushika rimoti kila faili inapobadilika. Kwenye simu za ndugu zetu mpangilio huo haupo kabisa, na VLC nayo hairekebishi faili yenyewe bali inageuza tu namna ya kuionyesha. Sikulipia kazi ambayo mzee wa miaka themanini atahitaji kufundishwa namna ya kuitazama.

Nilielezwa pia kwamba marekebisho yatatozwa gharama mpya kwa sababu video zote zitachakatwa upya. Kwa heshima, siafiki. Programu ya FFmpeg, ambayo hailipiwi, inaweza kuandika uwiano sahihi katika faili ya MP4 huku ikiinakili picha na sauti bila kuzigusa, na programu ya MKVToolNix hufanya hivyo kwa faili za MKV, aina nyingine ya faili za video. Ni kazi ya dakika chache kwa kila faili, na ubora haupungui hata kidogo, ilhali kuzibana upya data za faili (kuzipunguza ukubwa) ambazo tayari zilishabanwa hivyo mara moja kutazififisha zaidi.

Kwa hiyo naomba, bila malipo ya ziada, mziandikie faili zote uwiano unaostahili, yaani 16:9 kwa zile pana na 4:3 kwa zile za VHS, mkiikagua kila moja badala ya kuzipitisha zote kwa mpangilio mmoja. Kwa kuwa zipo runinga ambazo hupuuza maelezo hayo zinaposoma flashi, naomba pia nakala ya pili ya zile pana, yenye pikseli 1024 kwa 576, ambayo itaonekana sawa kwenye kifaa chochote. Nakala hiyo itokane na DVD zenyewe, ambazo niko tayari kuwaletea tena, na isitokane na faili hizi za sasa.

Kabla ya kuzikamilisha zote, nitumieni kwanza faili moja ya maulidi niipime. Nikikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii, nitalifikisha suala hili kwa Tume ya Ushindani pamoja na risiti na picha za vipimo nilivyovieleza.

Wenu,
Mteja

Viambatisho: nakala ya risiti, picha mbili za dufu, moja kutoka kwenye DVD na nyingine kutoka kwenye faili yenu.