Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tulioshinda Kwenye Makaratasi

Marafiki wapenzi, wazee wetu, akina mama na vijana,

Nawasalimu nyote. Mwaka jana mlinituma jambo moja: chama chetu kisingoje tena moto uwake ndipo kikimbie na ndoo. Wengi wenu mnakumbuka Januari 2008, sisi Marafiki, yaani Waquaker, tulipokutana Kakamega huku Kenya ikiwaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na baadaye tukabeba unga na blanketi hadi kambini kwa waliofukuzwa makwao. Sijutii hata siku moja ya kazi ile. Lakini mambo yaliyowatia watu uchungu, ardhi, kazi kwa vijana, mgao wa fedha, yalikuwa yameamuliwa maofisini miaka mingi kabla, nasi hatukuwepo.

Ndiyo sababu mwaka huu tumeshinda tumeinamia makaratasi.

Sheria inaitaka kaunti ifikishe makadirio ya bajeti kwenye bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili, na kifungu cha 196 cha Katiba kinalibana bunge hilo liwashirikishe wananchi. Tulikwenda kwenye kikao cha umma. Kitabu cha makadirio kiligawiwa mlangoni asubuhi ileile, kwa Kiingereza, nakala chache watu wanazigombania. Mama mmoja wa kanisa letu, muuza mboga, akasimama na ukurasa mmoja aliofanikiwa kuupata, ameukunja mara nne. Akauliza: "Daraja tuliloahidiwa liko mstari wa ngapi?" Maafisa walipekua, wakapekua tena. Halikuwemo.

Nawaomba mlielewe daraja hili. Ng'ambo zote mbili za mto ule watu wameshukiana tangu 2008, na watoto wao wanasoma shule moja. Mto ukijaa, kila upande unabaki na wake. Tuliandika maoni yetu, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili. Karani aliyapokea, akagonga muhuri. Fedha bado hazijatengwa, na tutarudi.

Shuleni kumetupa moyo zaidi, ingawa pia ndiko kunakoniuma. Viboko vilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Bado mtoto anarudi nyumbani na alama mapajani, hata kutoka shule tunazozidhamini sisi. Maoni tuliyokusudia kuyapeleka serikalini juu ya jambo hili yalichelewa, na kosa ni langu: niliyakalia nikitafuta maneno laini. Yatakwenda mwezi huu.

Katika shule mbili tumeendesha mafunzo ya kutatua ugomvi bila vurugu, yale yaliyozaliwa mwaka wa 1975 kwa wafungwa na Marafiki katika gereza la Green Haven, jimbo la New York. Kila mshiriki hujichagulia jina la sifa njema. Mwalimu wa nidhamu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Msikivu." Wanafunzi wakatazamana. Juma lililofuata walianza kumwita hivyo uwanjani, naye akaitika.

Wapo walioniuliza kama haya si siasa. Nawaheshimu, na nawajibu. Mwaka wa 1661 Marafiki wa Uingereza walimwandikia Mfalme Charles wa Pili kwamba hawatashika silaha kwa sababu yoyote. Mwaka wa 1943, vita vikiendelea, wenzetu wa Marekani walifungua ofisi Washington ili wazungumze na wabunge. Tangu mbegu yetu ipandwe Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka wa 1902 tumejenga shule na hospitali. Kuuliza serikali inazifanyia nini ni kazi ileile. Hatumpigii debe mgombea yeyote, na uchaguzi wa Agosti 2027 unavyokaribia, atakayetumia jina la chama hiki jukwaani nitamwita mbele ya kamati.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Niseme tu kwamba nauli za vijana waliohudhuria vikao zilitoka mifukoni mwa akina mama, na deni hilo tulilipe kwanza.

Mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa kwenye bunge lake kufikia tarehe 1 Septemba, na humo ndimo bajeti inapozaliwa. Kila kanisa liniletee majina mawili, mmoja awe kijana, ya watakaojifunza kuusoma mpango huo kabla haujachapishwa. Yule mama wa mboga ameshakubali kuwa mwalimu wao wa kwanza.